Vibao Katika Stoo ya Nestor Dzurko

"Kibao chochote kitakachosimikwa kwenye kilima hiki nitaking'oa kwa mikono yangu miwili, hata kikiwa cha waziri mkuu!"

Nestor Dzurko aliyasema hayo mwezi wa nane, miaka kumi na moja iliyopita, akiwa amesimama juu ya tela la kubebea shayiri, kofia pana kichwani, kipaza sauti mkononi kama mhubiri wa televisheni. Mji mzima wa Halvik ulikuwepo, maana kulikuwa na soseji za bure, na mtu wa Halvik hakosi soseji za bure hata akiwa na dripu mkononi. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Meya akapiga makofi. Gord Tillotson, mwenye kampuni ya viwanja, alipiga makofi kuliko wote, na hilo peke yake lingetosha kumshtua mtu mwenye akili.

Siku ile ulikuwa unazinduliwa mtaa mpya, Mtaa wa Dzurko, nyumba sitini na mbili kwenye shamba alilolima Nestor miaka arobaini, na baba yake kabla yake, na babu yake kabla ya hao wote, yule aliyefika hapa Alberta kutoka Ukraine na jembe moja na kikohozi. Shamba lilikuwa ekari themanini. Mtoto wa kulirithi alikuwa mmoja tu, naye yuko Calgary anahesabu mapipa ya mafuta ya watu wengine na anaogopa vumbi. Verna, mke wa Nestor, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Basi mzee akauza.

Sasa, sheria ya kwetu inasema hivi: ukikata shamba kuwa viwanja vya makazi, sehemu moja ya kumi unaiachia umma. Shule, bustani, uwanja wa mpira, chochote, mradi kiwe cha wote. Ni zaka kabisa, ila inapokelewa na halmashauri badala ya padri. Ekari themanini, zaka ekari nane. Sheria haisemi zile nane zikae upande gani wa shamba, na hapo ndipo wenye viwanja wanapopatia riziki yao.

Gord alikwenda kwa Nestor na ramani, wakaitandaza juu ya meza ya jikoni, sahani ya pirogi, vile vitumbua vya Kiukraine vya kujazwa viazi, ikashika kona moja isijikunje.

"Zile nane za umma tutaziweka huku chini, bwana Nestor, kando ya dimbwi," Gord akasema. "Pazuri. Pana bata."

"Bata hawaendi shule, Gord."

"Watoto watawaangalia bata."

"Watoto watazama na bata watawaangalia. Weka juu, kilimani."

"Kilimani ndiko kwenye mandhari, mzee wangu! Mtu akinywa kahawa yake anaona mpaka reli. Unanikata mkono."

"Unao mwingine. Nakupunguzia elfu sitini kwenye bei. Nane zikae kilimani, kwenye misonobari ya Verna."

Gord akameza pirogi moja. "Themanini."

"Sabini. Na uache kula pirogi zangu."

Wakapeana mikono. Kwa hiyo wakati wengine wote walipewa eneo la wazi na sheria, Nestor alilinunua. Dola elfu sabini alizikata kwenye mfuko wake mwenyewe ili kilima kisipigwe uzio na mtu yeyote. Hakumwambia mwanawe.

Ofisini kwa Gord ikatundikwa ramani kubwa ya rangi. Kilima kilikuwa kijani kibichi, kimechorwa mtoto mwenye puto, na chini yake: "Shule ya Msingi na Bustani (baadaye)". Hilo neno "baadaye" liliandikwa kwa herufi ndogo kama masharti ya bima. Marites Bagtas alilisoma. Marites ni muuguzi katika nyumba ya wazee, ametoka Iloilo, ng'ambo ya bahari, na mumewe anachomelea mabomba kwenye visima vya mafuta. Wakati huo alikuwa na mtoto wa mwaka mmoja begani. Alimuuliza Gord hiyo "baadaye" ni lini.

"Huyo akifika umri wa shule, dada, kengele itakuwa inagonga," Gord akamjibu.

Marites akasaini. Akachukua nyumba inayotazamana na kilima, jirani kabisa na Nestor, aliyekuwa amejibakizia kiwanja kimoja pale chini.

Halmashauri ilikuwa ikate nyasi za kilimani. Mara mbili kila kiangazi, kama Mungu akipenda na trekta likiwaka. Nestor hakuweza kuvumilia. Akanunua mashine yake ya kukalia, na kila Jumatano saa mbili asubuhi anapanda kilima, anashuka kilima, mistari imenyooka kama ya shayiri enzi zake. Hakuna aliyemtuma, hakuna aliyemlipa. Wakati wa theluji watoto wa mtaa walipanda na masinia ya plastiki wakateleza mpaka chini, na yeye alikuwa anatangulia asubuhi na koleo kuwasawazishia njia. Wakati wa kiangazi wakapiga mpira. Misonobari aliyopanda Verna ilikuwa kumi na minne, wakaifanya magoli.

Vibao ndivyo vilivyomtia wazimu. Kilima kile kinaonekana kutoka barabara kuu, kwa hiyo kila mwenye shida alikuja kukisimika kibao chake: wagombea udiwani, madalali wa nyumba, kanisa lenye chakula cha jioni cha kabichi, mtu mwenye mbwa wa kuuza. Nestor aling'oa vyote. Aling'oa hata cha paka aliyepotea, na paka yule hajaonekana mpaka leo. Alivipeleka stoo kwake, akavipanga ukutani nyuso zikitazama ukuta, kama wanafunzi waliopewa adhabu. Mwenye chake alikuja kudai, akapewa pamoja na mawaidha.

"Hukusoma hata kilichoandikwa?" bibi mmoja wa kanisani alimuuliza akiwa na hasira.

"Nikikisoma kitanishawishi," Nestor akasema. "Sisomi, nang'oa."

Maneno hayo yakapendwa mjini. Kwenye kahawa ya asubuhi pale kituo cha mafuta, wazee wanaporusha kete kuona nani atalipa, Lyle Amundson alikuwa anayatumia kila kete zikimgeukia. "Sisomi, nang'oa!" anasema, na anazitupa upya. Lyle alikuwa amevuna shamba la jirani na Nestor kwa miaka thelathini, kwa hiyo alikuwa na kibali cha kumtania.

Mtoto wa Marites akafika miaka mitano. Kengele haikugonga. Akafika sita, saba. Akawa anapanda basi la njano saa moja kasoro asubuhi kwenda shule ya mji wa jirani, dakika arobaini kwenda, arobaini kurudi, na kilima cha shule yake kipo mbele ya dirisha. Marites alipiga simu ofisi ya elimu mara nne. Kila mara akaambiwa jambo lake limepokelewa. Alipokea majibu hayo kiasi kwamba angeweza kufungua duka.

Mwaka juzi, mwanzoni mwa kiangazi, ofisi ya elimu ikaiandikia halmashauri barua ya aya mbili: kiwanja cha shule hakihitajiki tena, watoto wataendelea na basi. Wiki hiyo hiyo paa la ukumbi wa barafu, wa mchezo wa hoki, likaanza kuvuja juu ya viti vya wageni. Halvik unaweza kufunga hospitali watu wakanung'unika wakalala. Ukumbi wa barafu ukivuja, madiwani hawalali. Gord Tillotson, ambaye viwanja vyake vilikuwa vimekwisha, akajitokeza kama malaika na kusema yuko tayari kununua zile ekari nane.

Haki yao nitawapa: walifuata sheria hatua kwa hatua. Sheria inataka, kabla ya kuiondolea ardhi jina la umma, iitishwe jioni ya kusikiliza wananchi, na tangazo liwekwe gazetini na palepale kwenye ardhi yenyewe. Gazeti letu siku hizi haligawiwi Mtaa wa Dzurko, kwa sababu mgawaji alistaafu kwa maumivu ya mgongo. Likabaki tangazo la kwenye ardhi. Jumanne moja mwezi wa sita, Darlene Fehr, karani wa mji, mwanamke asiyekosea hata nukta, alipanda kilima na nyundo. Akasimika kibao cheupe chenye miguu miwili ya chuma na herufi nyingi ndogo. Akarudi nyuma hatua tano, akakipiga picha.

Kesho yake ilikuwa Jumatano.

Marites alikuwa anarudi kutoka zamu, bado na viatu vyeupe vya kazini, alipomwona Nestor amesimamisha mashine katikati ya mstari. Mzee alishuka, akakishika kibao mabegani kama mtu anayemtoa mlevi kwenye harusi, akakitikisa mara mbili. Mguu mmoja ukapinda. Kikatoka.

"Wamerudi tena, hawa!" akapaza sauti kumwambia Marites.

"Wanauza nini leo, mzee?"

"Najua basi? Kitu chenye maneno mengi. Wakiwa na maneno mengi ujue ni wezi."

"Wape, mzee, wape!" Marites akasema, akampigia makofi pale barabarani, mfuko wa chakula umening'inia kwenye kiwiko. Nestor akainua kibao juu kama kombe. Wakacheka wote wawili. Kisha mzee akakilaza nyuma ya kiti, akamaliza mstari wake.

Jioni ya wananchi ilipangwa tarehe ishirini na moja, saa kumi na moja, siku ya mahafali ya shule ya upili. Kila mwenye gari Halvik alikuwa upande wa pili wa mji anatafuta pa kuliegesha. Muhtasari wa kikao upo, mtu yeyote anaweza kwenda kuusoma. Kilifunguliwa saa kumi na moja kamili. Waliofika kutoa maoni: hakuna. Barua za kupinga: hakuna. Kura za ndiyo: saba. Kilifungwa saa kumi na moja na dakika saba, maana hata madiwani wana watoto wanaohitimu.

Jumatano ya kwanza ya mwezi wa tisa Nestor alipanda kilima akakuta vijiti vya mbao vyenye utepe wa waridi, safu kwa safu, na vijana wawili wa upimaji wamesimama na kile chombo chao cha miguu mitatu. Aling'oa vijiti sita kabla hawajamfikia.

"Mzee, hivyo ni vya viwanja," mmoja akasema kwa adabu. "Vimeshauzwa."

"Viwanja gani? Hii ni ardhi ya umma!"

"Ilikuwa," kijana akasema, akaanza kuvirudisha.

Kikao cha halmashauri kilichofuata, ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama kwenye kabati la makoti. Nyumba sitini na mbili zote zilikuja. Nilikuwa nimeegemea ukuta wa nyuma, naona kisogo cha Nestor kimekuwa chekundu kama bitiruti ya supu. Alitembea mpaka mbele bila kuitwa.

"Mmeiba!" akasema. "Nililipa elfu sabini kwa kilima kile. Nililipa ili kisiwe cha mtu. Hamkutangaza! Nakata nyasi pale kila wiki, hakuna mtu duniani anayekijua kilima kile kuliko mimi, na nawaambia mbele ya watu wote hawa: halikuwekwa tangazo!"

Watu wakanguruma. Marites akapiga mguu chini. Meya akamtazama Darlene, Darlene akafungua faili. Sidhani kama alitaka kufanya alichofanya. Alikuwa na sauti ya mtu anayesoma kipimo cha damu.

"Liliwekwa, bwana Nestor. Hii hapa picha. Tarehe iko chini."

Akaigeuza. Ilikuwa kubwa, ya rangi. Kibao cheupe, miguu miwili, misonobari ya Verna kwa nyuma, na chini kabisa ya kilima, ndogo lakini inaonekana, mashine nyekundu ya kukatia nyasi imeegeshwa nje ya stoo.

Nestor akaisogelea picha. Akakaa nayo muda mrefu.

"Ilipofika siku ya kikao hakikuwepo," Darlene akaongeza. "Hatujui kilikwenda wapi. Wakili wa mji anasema kukiweka tumekiweka. Aliyekiondoa si sisi."

Halafu Lyle Amundson, ambaye alidhani bado yuko kituo cha mafuta, akasema kutoka nyuma: "Nestor, si uliapa mwenyewe? Hata cha waziri mkuu! Sisomi, nang'oa!"

Ukumbi ukacheka. Kicheko kilekile cha zamani, cha siku ya soseji, kilitoka kabla hawajafikiri. Kikafa vipande vipande kadiri watu walivyoelewa, wa mbele kwanza, wa nyuma baadaye, na wa mwisho kuacha kucheka alikuwa Lyle.

"Nikaangalie stoo," Nestor akasema. Akapita katikati yao. Walimpisha kama mtu aliyebeba sufuria ya moto.

Marites alimfuata. Alimkuta ameshavua kofia, anavigeuza vibao kimoja kimoja. Diwani. Diwani. Nyumba inauzwa. Kabichi. Cha tano kilikuwa cheupe, mguu mmoja umepinda. Nestor akatafuta miwani kwenye mfuko wa shati, akavaa, akakisoma kwa sauti tangu mwanzo mpaka namba ya simu ya ofisi. Kilikuwa na maneno mia moja na kidogo. Kilimwita, kwa jina la "mkazi yeyote anayeguswa", aje aseme.

"Nilikupigia makofi," Marites akasema.

"Hukujua."

"Na wewe hukujua. Mimi nilikuuliza wanauza nini, mzee. Nilikuuliza. Ningepiga hatua kumi tu nikasome mwenyewe, lakini miguu ilikuwa inaniuma." Akakaa juu ya gurudumu la akiba. "Tungekuja sote. Kama leo. Nyumba sitini na mbili."

"Ningekuja mimi tu, ingetosha."

"Usijidanganye. Isingetosha. Wangekushinda kura." Akakitazama kibao. "Lakini ingewachukua zaidi ya dakika saba."

Marites aliondoka bila kuaga, na hajawahi kupita pale kwake tena, ingawa nyumba zao zinapakana na mlango wake wa jikoni unatazama mlango wa stoo. Si kwamba alimlaani. Akikutana naye dukani anamwamkia vizuri, "Habari za asubuhi, bwana Nestor," na hilo "bwana" ndilo lililomuumiza, maana miaka yote alikuwa "mzee".

Marites alikwenda kumwona wakili. Akaambiwa uamuzi wa halmashauri unapingwa mahakamani ndani ya siku sitini. Wakahesabu pamoja kwa vidole kwenye kalenda ya ukutani. Zilikuwa zimeshapita sabini na nane.

Misonobari kumi na minne iliondoka asubuhi moja, saa moja na nusu, kwa mashine yenye makucha inayong'oa mti kama karoti. Nestor aliitazama dirishani. Nyumba zikaota kilimani, kubwa, za rangi ya mchanga, kila moja na gereji ya magari matatu. Theluji ilipoanguka watoto walijaribu kuteleza kati ya nyumba mbili. Mwenye mojawapo akaweka kibao: "Eneo Binafsi". Hakuna aliyeking'oa. Paa la ukumbi wa barafu sasa halivuji, nalo ni zuri, hatuwezi kulisema vibaya.

Kwenye kahawa Nestor aliendelea kwenda, kwa sababu mtu akiacha kwenda watamsema zaidi. Lyle alijaribu kumwomba radhi, lakini wazee wa kwetu hawajui inavyofanywa, kwa hiyo akamlipia kahawa siku tisa mfululizo bila kurusha kete. Siku ya kumi Nestor akamwambia, "Rusha, mjinga wewe," na Lyle akarusha.

Jumatano, saa mbili, mashine nyekundu bado inawaka. Anakata nyasi za mtaro wa barabara, ukanda wa mita mbili chini ya kilima. Ndio uliobaki wa umma. Anakwenda mpaka kwenye kona, anageuza, anarudi. Mistari miwili tu, amemaliza.

Mwezi uliopita alikwenda ofisi ya mji akiwa amekibeba kibao kwapani. Alikuwa amekiosha. Akakiweka juu ya meza ya Darlene, na ule mguu uliopinda ukabisha hodi kwenye kikombe cha kalamu.

"Nimeleta mali yenu."

"Baki nacho tu, bwana Nestor," Darlene akasema taratibu. "Hatukihitaji."

"Sikai na kitu cha watu. Nimejaribu kuunyoosha huu mguu, umekataa. Niambie bei yake nilipe."

"Hakuna anayekudai."

"Nimekuuliza bei, Darlene."

Darlene akamtazama. Akageuka kwenye kabati, akatoa faili la manunuzi, akapitisha kidole chini ya ukurasa mpaka alipokiona.

"Dola thelathini na nne na senti hamsini," akasema. "Pamoja na miguu yake."